Tunamshikia Tu Mpaka Akue

Karibu mwaka wa 310 KK, katika kisiwa cha Elephantine kusini mwa Misri, pale karibu na mji wa Aswan wa leo, Wagiriki wawili walioana. Bwana arusi aliitwa Heracleides, bibi arusi Demetria. Mkataba wao uliandikwa kwenye mafunjo, mashahidi sita wakatajwa, mihuri ikapigwa, na karatasi hiyo ipo mpaka leo. Demetria alikuja na nguo na mapambo ya thamani ya drakma 1000. Halafu kuna kifungu ambacho ukikisoma unamsikia baba mkwe akikohoa pembeni: Heracleides haruhusiwi kuleta mwanamke mwingine nyumbani kumdhalilisha Demetria, wala kuzaa watoto na mwanamke mwingine. Akipatikana na kosa, atarudisha zile drakma 1000, na juu yake aongeze 1000 nyingine.

Watu wa kawaida, ndoa ya kawaida. Lakini kila mkataba unahitaji tarehe, na siku hizo tarehe ilikuwa ni jina la mfalme. Kwa hivyo mkataba unaanza kwa kutaja mwaka wa saba wa utawala wa Alexander, mwana wa Alexander. Ndipo unataja mwaka wa kumi na nne wa Ptolemy, aliyekuwa liwali wa Misri.

Ptolemy tunamjua. Alikuwa na jeshi, hazina na mji wake wa Alexandria. Sasa huyu mfalme mwenyewe, aliyeandikwa juu ya liwali, ni nani? Ni mtoto ambaye hata miaka 14 hakuifikisha. Hakuwahi kutoa amri hata moja. Alifungiwa ndani ya ngome kaskazini mwa Ugiriki pamoja na mamake, na mtu aliyeshika funguo alikuwa akipiga hesabu ya siku zake.

Kila ukoo una hadithi ya aina hii. Mzee amefariki, mtoto ni mdogo, na ami anasimama mbele ya waombolezaji na kusema kwa sauti ya upole: mali ni ya mtoto, sisi tunamshikia tu mpaka akue. Maneno matamu. Shida huanza siku mtoto anapoanza kuota ndevu. Hebu tuitazame hadithi hiyo pale ambapo mali yenyewe ilikuwa ni nusu ya dunia waliyoijua.

*

Tuanze na nyumba alikozaliwa. Wafalme wa Makedonia walioa wake wengi. Philip wa Pili, babu yake mtoto huyu, alioa wanawake saba, karibu kila mmoja kwa sababu ya vita au mapatano fulani. Hakukuwa na sheria iliyosema kifungua mimba ndiye mrithi, wala mtoto wa mke mkubwa. Kilichohitajika ni damu ya ukoo wa kifalme, na jeshi la kukupigia kelele za kukukubali. Kwa hivyo kila mke alikuwa na mgombea wake, na kila mfalme akifa, uchaguzi ulifanywa kwa kisu.

Philip mwenyewe alianza hivyo hivyo. Kakake, Mfalme Perdiccas wa Tatu, aliuawa vitani na Waillyria, na Wamakedonia 4000 wakafa pamoja naye. Aliacha mtoto mdogo aliyeitwa Amyntas. Nchi ilikuwa inawaka moto pande zote, nani angengoja mtoto? Ami mtu akashika kiti, na hakukiachilia tena. Tumpe haki yake: Philip hakumuua Amyntas. Alimlea, akamwoza hata binti yake, Cynane.

Lakini mwaka wa 336 KK Philip alichomwa kisu na mlinzi wake mwenyewe, siku ya harusi ya binti yake mwingine. Mwanawe Alexander, kijana wa miaka 20, akatawazwa. Amyntas, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 hakuwa amemsumbua mtu, akauawa. Mke wa mwisho wa Philip alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto huyo naye aliuawa kwa mkono wa Olympias, mamake Alexander. Hivyo ndivyo yule tunayemwita Mkuu alivyoingia madarakani, akikanyaga vitanda vya watoto.

Alijua basi jinsi mambo yalivyokwenda nyumbani kwao. Kabla hajavuka kwenda Asia mwaka wa 334 KK, majenerali wawili wakongwe, Antipater na Parmenion, walimshauri: oa kwanza, pata mtoto, ndipo uende vitani. Alikataa. Aliona aibu kukaa nyumbani akingoja watoto wakati jeshi liko tayari. Kijana wa miaka 21 anafikiri ana muda.

Hakuwa na muda. Juni 323 KK, mjini Babeli, homa ilimuua akiwa na miaka 32. Aliacha milki iliyoanzia Ugiriki, ikapita Misri na Uajemi mpaka mpakani mwa India. Hakuacha mrithi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa anamwachia nani ufalme, alijibu kwamba anamwachia mwenye nguvu zaidi. Kama aliyasema kweli au aliwekewa mdomoni baadaye na hao wenye nguvu, matokeo yalikuwa yale yale.

*

Pale Babeli palikuwa na wagombea wawili, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutawala. Wa kwanza alikuwa Arrhidaeus, ndugu ya Alexander kwa baba. Alikuwa mtu mzima, lakini akili yake haikuwa na uwezo wa kuamua mambo. Wa pili alikuwa bado tumboni. Roxane, mke wa Alexander kutoka pande za Asia ya Kati, alikuwa na mimba ya miezi kadhaa.

Makamanda wakubwa na askari wa farasi, wakiongozwa na Perdiccas (huyu ni jenerali, msimchanganye na yule mfalme), walisema tungoje mtoto azaliwe. Askari wa miguu wakakataa. Kwani watu wanangoja mimba ya mwanamke wa kigeni, na huku mwana wa Philip amesimama hapa? Wakamshika Arrhidaeus, wakampa jina la Philip, wakamtangaza mfalme. Ilibaki kidogo majeshi yaliyoshinda dunia pamoja yachinjane ndani ya jumba la marehemu.

Mwishowe wakapatana: wafalme watakuwa wawili. Philip Arrhidaeus sasa hivi, na mtoto wa Roxane akizaliwa mvulana. Na nani atawashikia? Perdiccas, bila shaka, kwa kuwa ndiye aliyepewa pete ya muhuri na Alexander alipokuwa akikata roho. Kisha Perdiccas akaitisha sherehe ya kulitakasa jeshi. Alipokwisha kulipanga jeshi uwanjani, vinara wa upande wa askari wa miguu walitolewa mmoja mmoja na kutupwa chini ya miguu ya tembo. Kiongozi wao, Meleager, alikimbilia hekaluni na kuuawa huko huko.

Roxane naye hakukaa kulia tu. Alexander alikuwa amemwoa pia Stateira, binti wa mfalme wa Uajemi. Plutarch anasimulia kwamba Roxane alimwandikia barua ya uongo ya kumwita, akamuua yeye na dada yake, akawatupa kisimani na kuwafukia. Perdiccas alijua na akasaidia. Tukimhurumia Roxane baadaye, na tutamhurumia, tukumbuke kisima hicho. Katika nyumba hii hakuna aliyeingia mikono mitupu.

Mtoto akazaliwa, mvulana. Wakamwita Alexander. Alikuwa mfalme kabla hajafungua macho.

*

Kilichofuata kilihusu maiti. Desturi ya Makedonia ilikuwa kwamba anayemzika mfalme ndiye mfalme. Mwili wa Alexander ulitiwa manukato, ukatengenezewa gari la dhahabu lililochukua karibu miaka miwili kukamilika. Lilivutwa na nyumbu 64, hawa wa kuzaliwa na punda na farasi, kila mmoja na taji na kengele. Msafara ulipofika Siria, Ptolemy alikuja na jeshi kuupokea kwa heshima zote. Ati anamsindikiza rafiki yake. Akausindikiza moja kwa moja mpaka Misri.

Perdiccas akamfuata na jeshi, akiwabeba wafalme wake wawili, mmoja bado anajifunza kutembea. Alijaribu kuvuka mto Nile, maji yakawazidi askari. Zaidi ya watu 2000 walipotea, wengi wao wakaliwa na mamba. Maafisa wake wakaingia hemani na kumuua. Kikulacho ki nguoni mwako, na Perdiccas aliliwa na nguo zake mwenyewe.

Ptolemy angeweza kuwachukua wafalme wale siku hiyo. Hakutaka. Mwili wa marehemu ulimtosha, maana maiti haikui wala haidai chochote. Wafalme walio hai wakakabidhiwa kwa mzee Antipater, akawapeleka Makedonia. Mtoto Alexander aliiona nchi ya babake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu hivi.

Antipater alipofariki mwaka wa 319 KK, alimruka mwanawe Cassander na kumwachia ulezi wa wafalme mwenzake wa zamani, Polyperchon. Cassander hakumeza tusi hilo. Nchi ikagawanyika, na kila upande ukachukua mfalme wake kama ngao. Upande wa Cassander ulikuwa na Philip Arrhidaeus, au tuseme mkewe, Adea Eurydice. Huyu dada usimchukulie kama mpita njia. Babake ni yule Amyntas aliyeuawa na Alexander, mamake ni Cynane, na alifundishwa kupigana tangu utotoni. Upande wa pili alisimama Olympias, nyanyake mtoto.

Mwaka wa 317 KK majeshi yao yakakutana. Mwandishi mmoja wa kale aliviita vita vya kwanza kati ya wanawake. Lakini upanga haukutolewa. Wamakedonia wa Eurydice walipomwona mama wa Alexander mbele yao, walihama upande. Olympias akawafungia mume na mke katika chumba kidogo cha kujengewa ukuta, wakipitishiwa chakula kwa tundu. Halafu akaamuru Philip achomwe visu. Eurydice alipelekewa upanga, kitanzi na sumu, achague. Alimwosha mumewe majeraha, akamlaza vizuri, akajinyonga kwa mshipi wake mwenyewe, bila kutoa hata chozi. Hakuwa na miaka 20.

Sasa mfalme alibaki mmoja tu: mtoto wa miaka sita.

Olympias angeacha hapo, labda historia ingekwenda kwingine. Lakini alilipiza visasi. Alimuua ndugu ya Cassander, akawaua na Wamakedonia mashuhuri 100. Kwa hivyo Cassander alipokuja, waliomtetea bibi huyu walikuwa wachache. Aliwazingira ndani ya mji wa Pydna kipindi kizima cha baridi, yeye, Roxane na mtoto. Chakula kikaisha. Tembo walilishwa vumbi la mbao mpaka wakafa. Mji ulipoanguka mwaka wa 316 KK, Olympias aliahidiwa uhai wake, kisha akauawa na jamaa za watu aliowaua.

Na mtoto? Cassander alimpeleka pamoja na mamake katika ngome ya Amphipolis. Akaamuru watoto wa wakubwa waliokuwa wakilelewa naye waondolewe, na atunzwe kama mtu wa kawaida, si kama mfalme. Wakati huo huo Cassander akamwoa Thessalonike, binti wa Philip, shangazi yake huyo mtoto. Mji aliompa jina la mkewe ungali upo: ndio Thesalonike ile ya barua za Paulo kwenye Biblia. Mtu akifanya hivyo, akajenga miji na kuoa katika ukoo wa kifalme, huulizi tena anamshikia nani kiti.

*

Mbona basi hakumuua mtoto mara moja? Kwa sababu jina lake lilikuwa na kazi. Askari waliwatii majenerali hawa wakiamini wanapigania nyumba ya Alexander. Kila mmoja wao alikuwa ni kaimu, liwali au msimamizi, kwa idhini ya mfalme. Bila mfalme, wote walikuwa ni watu tu wenye silaha waliojishikia ardhi ya mwenzao.

Kwa hivyo wote walimpenda, wakiwa mbali. Mwaka wa 315 KK, Antigonus, aliyekuwa ameshika sehemu kubwa ya Asia, alikusanya askari wake karibu na Tyre akamshtaki Cassander mbele yao: amemuua Olympias, amemfunga mfalme wetu, amwachilie mara moja! Askari wakashangilia. Vita vikaendelea miaka minne kwa jina la mtoto huyo. Hakuna aliyefika Amphipolis.

Mwaka wa 311 KK wakachoka, wakaandika mkataba wa amani. Ptolemy abaki na Misri, Lysimachus na Thrace, Antigonus na Asia. Cassander awe jenerali wa Ulaya mpaka Alexander, mwana wa Roxane, atakapofika umri wa utu uzima.

Kisome tena kifungu hicho. Kwa macho ya kawaida kinamlinda mtoto: haki yake imetambuliwa na wakubwa wote wanne, na imeandikwa. Lakini mvulana alikuwa na miaka 12. Mkataba ulikuwa umempa Cassander madaraka yenye tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ilikuwa ni mwili wa mtoto mwenyewe. Kila inchi aliyorefuka ilikuwa inamwondoa Cassander kazini. Na hao wengine watatu waliotia mkono walijua hivyo. Waliandika haki ya mtoto mahali ambapo mtu mmoja tu angeisoma kama tishio.

Makedonia pia watu walianza kunong'ona. Mtoto anakua, si aachiliwe sasa apewe ufalme wa babake? Minong'ono hiyo ndiyo iliyommaliza. Cassander akamwagiza Glaucias, mkuu wa ile ngome, awaue Roxane na mfalme, awafiche miili, asimwambie mtu yeyote. Ikawa hivyo. Diodorus, mwandishi wa historia, anaongeza sentensi moja inayouma: kwamba Cassander, Lysimachus, Ptolemy na Antigonus, wote waliondolewa wasiwasi waliokuwa nao kuhusu mfalme. Wote. Hata yule aliyepiga kelele kule Tyre.

Ukoo ulipukutika haraka baada ya hapo. Heracles, kijana aliyetajwa kuwa mwana wa Alexander nje ya ndoa, aliibuliwa na Polyperchon kama mgombea, kisha Polyperchon huyo huyo akamuua baada ya kuahidiwa talanta 100. Cleopatra, dada ya Alexander, alipojaribu kutoroka Sardis kwenda kuolewa na Ptolemy, aliuawa kwa amri ya Antigonus, ambaye baadaye aliwaadhibu baadhi ya waliomfanyia kazi hiyo na kumzika marehemu kwa fahari.

*

Lakini huko Misri, makarani waliendelea kuandika. Mwaka wa nane wa Alexander mwana wa Alexander. Wa tisa. Wa kumi. Watu waliuza mashamba, wakalipa kodi, wakapatana, yote kwa tarehe za mvulana aliyekuwa tayari ni mifupa. Jambo hilo liliendelea mpaka mwaka wa 305 au 304 KK, na Babeli vivyo hivyo. Ni mpaka Antigonus alipojivika taji mwaka wa 306, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, ndipo jina la mtoto lilipoachwa lipumzike. Walimhitaji kama tarehe muda mrefu kuliko walivyomhitaji kama mtu.

Cassander alikufa mwaka wa 297 KK kwa maradhi, ndani ya kitanda chake. Wanawe wakaanza kugombana. Mmoja alimuua mama yao, yule Thessalonike, kwa kuwa alimpendelea mdogo. Huyo mdogo aliuawa na mwana wa Antigonus, na mkubwa akakimbilia kwa mkwewe Lysimachus, akafia huko. Hazikupita hata miaka mitano tangu baba yao azikwe, nyumba ikawa imekwisha.

Najiuliza mara nyingi kuhusu Demetria kule Elephantine. Yeye na wazazi wake walijua kwamba mapenzi na nia njema havitoshi, wakataka iandikwe: hakuna mwanamke wa pili, hakuna watoto wa pembeni, na ukivunja utalipa kiasi hiki, mbele ya watu hawa. Nyumba ya Philip haikuwahi kujiandikia hata nusu ya hayo. Na siku moja ilipoandikiwa na wengine, waliandika haki bila adhabu, bila shahidi asiye na njaa ya mali yenyewe. Tofauti ya karatasi hizo mbili ni kwamba ya Demetria ilikuwa na mtu wa kuidai.

Mwaka wa 1978, huko Vergina kaskazini mwa Ugiriki, mwanaakiolojia Manolis Andronikos alifungua kaburi la kifalme ambalo wezi hawakuwa wameligusa. Ndani mlikuwa na mtungi wa fedha, shingoni umevishwa taji la majani ya dhahabu. Ndani ya mtungi mlikuwa na mifupa iliyochomwa ya kijana wa kati ya miaka 13 na 16. Wanahistoria wengi wanaamini ndiye. Maana yake ni kwamba kuna siku alitolewa pale alipofichwa, akachomwa kwa heshima na kuzikwa kama mfalme.

Ukutani wamemchorea magari ya farasi yakishindana mbio, mchezo ambao kijana wa umri wake angeupenda. Hapo hatimaye hakuna aliyekuwa akimshikia kitu.